Maharagwe ya Kupimwa na Bundu ya Kuliwa

Nyinyi mnaoingia chuoni mwaka huu, kaeni chini msome. Mwalimu Masereka, mkuu wa karakana, ameniomba niwaandikie maneno kidogo kwa sababu nimestaafu na anadhani sina kazi. Kazi ninayo. Nina mbuzi, nina kahawa, nina wajukuu wasiojua kufunga mlango. Nimekubali kwa sababu nimewaona mkipita getini, kompyuta mgongoni na simu mkononi, mkidhani utafiti ni kitu cha kuketi.

Mimi utafiti nimeufanya nimesimama. Shule niliishia darasa la tatu. Kiswahili nilikiokota kambini, baba yangu alipokuwa mgodini, pale ambapo Mkonzo, Mganda na Mkenya walitukanana kwa lugha moja ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Kazi yangu hapa chuoni ilikuwa kupika maharagwe. Nani anacheka? Hayakuwa ya kula, yalikuwa ya kupimwa. Mwanafunzi anabuni jiko, mimi nalipikia, wao wanaangalia limekula kuni kiasi gani, limetoa moshi kiasi gani, limechelewa au limewahi. Kesho anakuja mwingine na jiko lake, na mimi naanza tena: maharagwe yale yale, sufuria ile ile, mfuniko ule ule. Nimepika kuliko mama yeyote wa Kasese, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akila mihogo ya kuchemsha.

Siku ya kwanza Masereka alipima maharagwe, akapima kuni, akapima maji, akapima hata mfuniko. Nikasema moyoni, shule hii ina wezi. Yalipoiva akaenda ofisini kuleta kipimajoto. Wakapita vijana wa mwaka wa kwanza, wembamba kama nyinyi.

"Mukaka," wakasema, maana ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kikonzo, "tunasikia harufu."

Mimi nimezaa, siwezi kumwambia mtoto mwenye njaa kwamba harufu si ya kwake. Masereka aliporudi alinikuta nasugua sufuria kwa mchanga.

"Maharagwe iko wapi?"

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Na watoto wako."

"Mukaka, ile ilikuwa utafiti."

"Basi wameshiba utafiti. Mmoja ameomba chumvi."

Akakaa kizingitini, akashika kichwa. Hakunifukuza. Alinieleza polepole, kama unavyomweleza ng'ombe njia ya kisima, kwamba kilichobaki kwenye sufuria ndicho jibu, na mimi nimelisha watu jibu. Tangu siku ile nikaweka sheria yangu: kwanza mizani, kisha mdomo. Nanyi ishikeni. Wapo wenzenu wanaokula jibu hata bila kuwa na njaa, wanaandika matokeo kabla ya kuwasha moto.

Sasa nitawaambia kosa kubwa kuliko lile, maana hilo la pili lilitaka kuua karakana nzima, na hakuna aliyeliona kwa sababu lilionekana kama mafanikio. Kulikuwa na msimu kila jiko lilikuwa zuri. Likija la udongo, zuri. Likija la bati, zuri. Kijana mmoja akaleta kopo la rangi lenye matundu upande usiofaa, nalo likafaulu. Wanafunzi wakafurahi, wakaanza kunipenda, wakaniletea sukari. Masereka hakufurahi. Siku moja akavuta benchi, akakaa mbele yangu, akakunja mikono, akaniangalia nikipika tangu mwanzo mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Mukaka, unapima jiko au unajipima wewe?"

"Napika tu."

"Hupiki. Unalea. Kuni hii umeichagua, ile umeiweka pembeni kwa sababu ni mbichi. Upepo umekuja, umeuziba na gauni. Moto umetaka kulala, umeutingisha kabla haujafumba macho. Hata jiwe ungelichemsha likatoa mchuzi."

Nikadhani ananisifu. Hakuwa ananisifu. Alisema kuanzia kesho nipike kama mtu mwenye matatizo yake: niweke kuni, niende kuteka maji, nigombane na jirani, ndipo nirudi. Nawaambieni, sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Nilisimama uani mikono nyuma kama askari wa zamu, moto unakufa mbele yangu, na mimi sina ruhusa. Vidole viliniwasha. Nikiusogelea tu, sauti inatoka dirishani, "Mukaka, rudi kwa jirani." Juma lile majiko yalianguka moja baada ya jingine, na mwenye kopo la rangi alilia machozi. Nilimwambia afute uso, jiko lake lilikuwa limekufa siku nyingi, mimi ndiye niliyekuwa nikilibeba mgongoni.

Ya kujua katika kazi hii hayaishi, lakini machache chukueni. Maharagwe yatoke gunia moja, maana ya mwaka jana na ya mwaka huu si ndugu. Kuni mbichi huimba. Ukisikia wimbo, usipime, anika kwanza. Usiitegemee saa kujua kama yameiva. Chukua moja, libane kwa vidole viwili: ganda likiteleza na ndani pasikusukume, yameiva. Likikusukuma, hata saa iseme nini, rudisha mfuniko. Na ukishaonja kwa mwiko usiurudishe kwenye sufuria, kwa adabu kwanza, kwa utafiti baadaye.

Siku hizi mna vyombo. Mizani ya kwanza ilikuwa ya mawe, ile ya sokoni. Sasa ipo inayoandika namba nyekundu, ukiikoholea inabadilika. Kuna mwaka wakaleta kidude cha kupima moshi anaovuta mpishi. Unavaa shingoni, kinavuta hewa pamoja nawe siku nzima, kinakumbuka. Nilikivaa mpaka nikakisahau. Siku moja Masereka ananiita na uso mzito, kwenye kompyuta kuna mstari umepanda kama mlima Rwenzori.

"Mukaka, Jumapili asubuhi ulipika nini?"

"Jumapili sipiki asubuhi. Naenda misa."

"Hapana. Hapa umekaa kwenye moshi kuliko siku yoyote ya juma."

Nikafikiri. Nikamwambia, "Ilikuwa sikukuu. Padri alifukiza ubani, na mimi nakaa benchi la mbele."

Alicheka mpaka akatoka nje. Lakini hakuufuta ule mstari. Aliandika chini yake: kanisani. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kabisa yule mtu. Wengine wangeufuta ili karatasi ipendeze.

Sasa nije kwenye habari za nafasi, maana najua ndizo mnazosubiri. Chuo hiki kina nafasi nyingi na wanafunzi wengi wanazipita kama wanavyopita mbuzi barabarani. Karakana haifungwi kwa mwaka wa kwanza. Anayesoma hesabu za biashara anaweza kuingia, hakuna atakayemwuma. Wapo wanaokausha matunda, wapo wanaotengeneza kengele ya kufukuza tembo mashambani, ingawa mwenye kengele hiyo tembo alipokuja kweli alikimbia akaiacha inalia peke yake. Ingieni, ulizeni, shikeni ufagio kama hamna cha kushika. Na kila mwaka kuna maonyesho, na kwenye maonyesho kuna kiti kimoja: mwaka mzima ndani ya kituo cha ubunifu, na chumba, na vyombo, na mwalimu wa kukuongoza. Kiti kimoja tu. Asiyekipata anakwenda nyumbani na cheti chake na wazo lake, na mawazo yakifika nyumbani huwa yanawekwa darini pamoja na jembe lililovunjika.

Kiti hicho ndicho alichokitaka Mbambu.

Mbambu alikuwa binti wa Karusandara, wa wakulima, mrefu, mdomo mfupi. Jiko lake lilitumia maganda ya kahawa, yale yanayotupwa milima milima nyuma ya mashine za kukobolea. Hewa iliingia kwa matundu ya chini, maganda yakawaka polepole, moshi kidogo sana. Nililipikia maharagwe kwa mikono nyuma, nikagombana na jirani, nikarudi: yameiva. Masereka akatikisa kichwa kwa kuridhika, na yeye kichwa chake hakitikisiki ovyo. Lilibaki jambo moja. Sheria ya maonyesho ilisema kifaa kikae kwanza kwa mtu wa kweli, akitumie, ndipo kiletwe mezani siku ya waamuzi. Kisipokuwa mezani, hakihesabiwi.

Tukampelekea Mama Kavira. Huyu ni mama wa Butembo, alivuka mpaka na watoto wake wakati kwao kulipochafuka, akafungua hoteli ya kula pale Bwera karibu na soko. Wateja wake ni vijana wa boda na wabadilisha fedha. Alitupokea kwa mikono miwili, akasema jiko ni zawadi kutoka mbinguni, akatulisha, tukarudi Kasese. Mbambu akawa anampigia simu.

"Mama, jiko iko aje?"

"Iko muzuri sana, mutoto wangu. Mungu akubariki."

Siku nyingine, "Mama, inapika vizuri?"

"Ah, iko kitu ya ajabu. Wote banaishangaa."

Mbambu anaandika: zuri sana, la ajabu. Mimi nikamwambia, "Funga daftari hilo, twende Bwera."

"Lakini Mukaka, amesema ni nzuri."

"Na wewe ukimpelekea mgeni chakula, akikuambia hakina chumvi utamwitaje?"

"Mtu asiye na adabu."

"Basi Mama Kavira ana adabu. Vaa viatu."

Tulipofika hotelini jikoni kulikuwa na mafiga matatu yanafuka moshi kama zamani. Jiko halionekani. Mama Kavira akatukaribisha sebuleni kwake, nyuma ya pazia. Hapo, juu ya meza, mahali ambapo watu huweka televisheni, kulikuwa na jiko la Mbambu. Limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Juu ya kitambaa, maua ya plastiki.

Nikapitisha kidole ndani ya jiko. Kikatoka safi kama kilivyoingia.

"Mama Kavira," nikasema, "mimi ni mzee na sina muda. Hili jiko lina ugonjwa gani?"

"Haina bugonjwa, mama. Iko muzuri."

"Pika."

"Nitapika nini?"

"Unachopika kila siku."

Akamtazama Mbambu kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto unayekwenda kumng'oa jino. Akaondoa maua, akakunja kitambaa, akabeba jiko mpaka jikoni. Maganda yakashika moto vizuri. Maji yakachemka. Mbambu akaanza kutabasamu. Halafu Mama Kavira akamwaga unga wa muhogo, akashika mwiko kwa mikono miwili, akapanua miguu, akaanza kusonga bundu, ugali wetu wa muhogo.

Ambao hamjasonga bundu hamjui ninachosema. Ule si uji. Unausukuma, unaubana ukutani mwa sufuria, unaugeuza kwa nguvu za bega. Mara ya kwanza alipousukuma, jiko lilisogea. Mara ya pili likasogea tena. Mama Kavira anaendelea kusonga, jiko linaendelea kwenda, naye analifuata kwa hatua ndogo ndogo huku anasonga, wakavuka jikoni hivyo, wakapita mlangoni, wakatokea uani mbele ya vijana wa boda.

"Mama, unapeleka bundu wapi?" mmoja akauliza.

"Inaenda Kongo," akajibu mwenzake. "Imepata visa."

"Mama, mwambie ingojee, nitaibeba na pikipiki."

Mama Kavira akaweka mwiko chini, jasho linamtoka. "Munisamehe," akamwambia Mbambu. "Njo vile iko. Moto iko muzuri, kweli. Lakini iko na miguu. Mimi siwezi kupika nikiwa mu safari."

Mbambu aliinama akalitazama jiko lake. Na mimi nilikuwa na aibu yangu, nayo ilinifaa. Nimekula bundu tangu meno ya kwanza. Nimesonga bundu miaka mingi kuliko umri wa Mbambu. Lakini chuoni tunapima maharagwe, na maharagwe hayahitaji kusongwa, na mimi nilipokuwa nikivua aproni ya chuo jioni nilikuwa naiacha akili yangu ya kazini kwenye msumari pamoja nayo. Nyumbani nilisonga kwenye mafiga, kazini nilichemsha kwenye majiko, na njia kati ya hapo pawili sikuwahi kuipita na swali kichwani. Masereka naye alipoambiwa alisema neno moja la Kikonzo ambalo sitaliandika, kisha akasema anakula bundu kila siku.

Turudi kwa Mbambu. Alichukua jiko, tukaondoka. Kikorongo pale njia panda tulishuka kusubiri gari la Kasese. Nikanunua ndizi za kuchoma, yeye akakataa. Alisimama anamtazama fundi wa pancha, mtu mzima mwenye kitambi, anayepiga tairi ya lori kwa nyundo kubwa.

"Mbambu," nikasema, "usimkodolee macho mume wa watu."

"Simwangalii yeye, Mukaka. Naangalia alipokalia."

Alikuwa amekalia rimu kuukuu ya lori, imelala kifudifudi. Anapiga nyundo kwa nguvu zote, mwili unaruka, lakini rimu haijui hata kama kuna kazi inafanyika. Na ubavuni, pande zote, rimu ina matundu. Mbambu akaenda akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye tundu moja, chini ya makalio ya fundi.

"Wewe mtoto," fundi akasema, "umepoteza nini hapo?"

"Naomba kiti yako, mzee."

"Nikupe kiti yangu nikae wapi? Kwa lami?"

Tukamweleza. Hakujali jiko, hakujali chuo, alikuwa anasikiliza huku anapaka gundi. Alisema rimu ile ameikalia mpaka imechukua umbo lake, na kitu chochote atakachopewa lazima akikalie kwanza aone. Mbambu akanitazama. Mimi nilikuwa na kigoda changu. Hicho kigoda nilisafiri nacho kila mahali. Ndicho nilichokalia tangu siku ya kwanza karakanani, kimelainika, kinanijua. Fundi akakichukua mkononi mwangu, akakikalia, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia.

"Hii ni tamu," akasema.

Kigoda kikabaki kwake, rimu tukaondoka nayo. Mpaka leo nikipita Kikorongo naangalia upande mwingine.

Masereka alisaidia kukata na kuunganisha. Jiko likakaa ndani ya rimu kama yai kwenye kikapu, udongo umejazwa kuzunguka, matundu yameachwa wazi hewa iingie. Liliposongewa bundu karakanani, nilisonga mimi mwenyewe, kwa hasira ya kigoda, na halikusogea hata kidogo. Kulibeba kulihitaji wanaume. Tukalirudisha Bwera, tukamwachia Mama Kavira, na safari hii Mbambu hakupiga simu hata mara moja. Nilimkataza.

Asubuhi ya maonyesho tukaenda kulichukua, na gari la kukodi likisubiri nje. Mchana waamuzi wangepita mezani. Bahati mbaya ilikuwa siku ya soko, Bwera imejaa, watu wanavuka kutoka Kongo na mizigo kichwani, hoteli ya Mama Kavira haina pa kukaa. Sebuleni hapakuwa na jiko. Jikoni ndiko lilikuwa, jeusi kwa masizi, limezibwa ufa mmoja kwa udongo na mtu asiyetuuliza, na juu yake bundu inasongwa. Mafiga yalikuwa yamehamishwa nje. Kuku wamelala hapo.

"Mama shikamoo," Mbambu akasema. "Tumekuja kuchukua jiko."

Mama Kavira hakugeuka. "Jiko gani?"

"Hii."

"Hii iko kazini."

"Ni ya maonyesho, mama. Tutairudisha jioni."

"Jioni batu bamekula? Rudi jioni."

Mimi nikaona mambo haya yanataka sauti. Nikatoa amri kama pale kambini: shusha sufuria, vijana wawili hapa, beba. Nikachukua kitambaa nishike sufuria mwenyewe. Mama Kavira akainua mwiko, una bundu ncha nzima, unafuka mvuke, akauweka kati yangu na jiko.

"Mama," akaniambia kwa heshima zote, "minakuheshimu kama mama yangu. Lakini ukigusa hii sufuria, tutaonana mubaya."

Vijana wa boda wakasimama mlangoni. Nikadhani wanakuja kubeba.

"Mukaka, wacha mama apike," mmoja akasema. "Sisi hatujakula tangu asubuhi."

"Kuna mtoto hapa atapoteza kiti chake," nikamwambia.

"Na sisi tutapoteza bundu."

Nikamgeukia Mbambu nimwambie alie kidogo, maana machozi ya msichana yangewalegeza. Hakuwa analia. Alikuwa ameinama anatazama matundu ya rimu, moto unavyovuta hewa, na ule ufa uliozibwa. Akauliza, "Mama, hii ufa ilitokea lini?"

"Siku ya kwanza ya soko. Nimeifunga na udongo ya kichuguu. Udongo yenu haina nguvu."

Mbambu akaandika. Akasimama, akajipangusa magoti. "Twende, Mukaka."

"Twende na nini?"

"Twende tu."

Njiani nilimsema kutoka Bwera mpaka Kasese. Nilimwambia ameuza mwaka mzima kwa sahani za watu wa boda. Nilimwambia baba yake pale Karusandara hatamwelewa, na mimi simwelewi, na kigoda changu nacho hakimwelewi. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Alisema tu, "Mukaka, ningelitoa, kesho angerudi kwa mafiga."

Ukumbini meza zilikuwa na taa, mabango, vitambaa vya rangi. Mwenye kengele ya tembo alikuwa na picha kubwa ya tembo. Mbambu alisimama nyuma ya meza tupu, karatasi moja juu yake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yake nikiangalia viatu vyangu. Waamuzi wakafika, mbele yao mzee wa suti ya kijivu ambaye hakuwa amecheka kwenye meza yoyote.

"Kifaa kiko wapi?"

"Kiko Bwera, bwana."

"Sheria unaijua?"

"Naijua. Nilikwenda kukichukua leo asubuhi. Wamekataa."

"Nani amekataa?"

"Mama anayekitumia."

Mzee akaandika kitu. Akasema kila mwanafunzi anaweza kusema kifaa chake kimekataliwa kurudi. Yeye angependa kusema hivyo hivyo kuhusu gari lake lililo kwa fundi. Wenzake wakacheka. Mbambu akatoa simu, akapiga, akaiweka mezani na sauti imefunguliwa. Ikaita sana. Tukasikia vyombo, watu, pikipiki, halafu Mama Kavira.

"Nani?"

"Mama, ni Mbambu. Niko na waamuzi wa chuo. Wanataka kujua jiko."

"Tena jiko? Nilikuambia nini asubuhi?"

Mzee wa suti akasogea karibu na simu, akasafisha koo. "Mama, mimi ni mwamuzi mkuu wa maonyesho. Tunaomba maoni yako kuhusu kifaa hiki. Unaweza kutueleza faida zake?"

Mwiko ukasikika ukigonga sufuria.

"Baba," Mama Kavira akasema, "uko unataka kula?"

"Hapana, mama, ninauliza tu..."

"Kama hauli, acha simu. Batu beko na njaa."

Simu ikakatwa.

Mzee aliendelea kuitazama ile simu iliyozimika. Kisha akamtazama Mbambu, akatazama karatasi yake, akafuta alichokuwa ameandika na kuandika kingine. Akauliza njia ya Bwera ikoje siku hizi.

Kiti Mbambu alikipata. Siku ya pili waamuzi walikwenda wenyewe Bwera, wakangoja zamu yao nyuma ya vijana wa boda. Jiko hatujarudishiwa mpaka leo, na Masereka ameshatengeneza mengine kwa ajili ya wale waliokuja kuuliza, yote yanapimwa kwa bundu kabla ya maharagwe. Nyinyi mkifika Bwera, kuleni pale kwa Mama Kavira, chakula chake ni kizuri. Lakini msiseme mmetumwa na chuo.